Siku Ngiri Aliposema Sawa

Paukwa!
— Pakawa!
Pakatokea nini?
— Pakatokea kabati!
Kabati limefungwa?
— Limefungwa kweli kweli!
Ndani mna nani?
— Tuambie wewe!

Nitawaambia, lakini nyie wa nyuma acheni kwanza kutafuna karanga. Hadithi hii ina sauti ndogondogo, sitaki mzimeze.

Hapo kale, kale ya juzijuzi, umeme ulikuwa umeshafika porini. Palikuwa na mjane mmoja, Kanga, ndege mwenye madoa. Wakimwita Mama Madoa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mumewe alipofariki alimwachia vifaranga, kabati la vyombo, na kompyuta. Na ndani ya kompyuta aliacha sauti yake. Alijirekodi siku moja akicheza mchezo wa kujificha na wanawe, anacheka, anawatafuta, anawaita.

Kifaranga wa mwisho, Kishungi, alianguliwa baba yake ameshazikwa. Hakumwona hata ukucha. Alimjua kwa sauti ile tu, na kila siku alitaka awekewe asikilize. Ikipotea ile, basi baba yake amekufa mara ya pili.

Marehemu alikuwa mwenye mipango yake. Aliipangia kompyuta kazi: kila Ijumaa, jua likizama, ikusanye kila kilichomo tumboni mwake, ikitolee nakala kwenye diski, kidude cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kompyuta ikifa, diski ipo. Lakini tangu azikwe, kila Jumamosi asubuhi kompyuta ikiamshwa, ti-ting! Kisanduku chekundu kimesimama katikati ya kioo.

Mama Madoa akiogopa. Akiogopa, anamwita Ngiri.

Ngiri ni nani? Ngiri ni pembe mbili, shingo nene, na tumbo lisilojua kushukuru. Alijitangaza fundi. Anakuja, anakaa, anasema, "Fundi hafanyi kazi na njaa." Anapelekewa viazi: nyafu nyafu nyafu! Anapelekewa mtama: nyafu nyafu nyafu! Halafu anazima kompyuta, kata! Anaiwasha, wiiii! Kisanduku hakipo. "Imepona," anasema, anajipangusa mdomo, huyo anaondoka. Jumamosi nyingine, ti-ting! Na Ngiri huyo, nyafu nyafu nyafu!

Viazi vikaisha. Mtama ukabaki wa kufagia. Jumamosi moja Ngiri akalamba sufuria tupu, akakunja uso.

"Mama Madoa, mashine hii ina mdudu mkubwa. Ijumaa jua likizama nakuja kuichukua. Itakaa shimoni kwangu."

"Itarudi lini, Bwana Ngiri?"

"Kwani mgonjwa anaulizwa atapona lini?"

Mama Madoa akalia. Vifaranga nao wakalia, kwe-kwe-kwe, mpaka Sange akasikia.

Sange mnamjua? Kajamaa kadogo kama panya, miguu kama njiti, pua ndefu isiyotulia. Pua ile haikuumbwa kwa kupumua tu, iliumbwa kwa kuuliza. Fnyu, fnyu, fnyu! Sange akipita penye jiwe, lazima ajue chini yake kuna nini. Akisikia kilio, lazima ajue kinalilia nini.

"Hodi! Shikamoo, Mama Madoa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila hatuna cha kukukaribishia. Kisanduku kimetumaliza."

"Kisanduku gani? Kinasemaje?"

"Kinaandika."

"Kinaandika nini?"

"Nitajuaje mimi? Kikitokea tu, chini pana neno Sawa, nami nabonyeza Sawa, kinaondoka."

Sange akasahau hata kukaa. Pua ikacheza, fnyu fnyu fnyu. "Mama! Unakijibu kabla hujakisoma?"

"Ehe! Mgeni anisemeshe mlangoni pangu nimnyamazie? Mimi nimelelewa, mwanangu. Nikisemeshwa, naitikia sawa."

Na kweli, nyumba ile yote ilikuwa hivyo. Ukisema neno, hata hujalimaliza, wameshaitikia sawa. Adabu yao ilikuwa inakimbia mbele ya masikio.

Sange akaamsha kompyuta. Ti-ting! Bawa la Mama Madoa likaruka lenyewe kwenda kubonyeza. Sange akalidaka. "Leo tusiitikie, mama. Leo tusikilize." Akayakaribia maandishi, pua ikigusa kioo, akasoma: *Nakala haikufanyika. Diski haionekani.*

"Haionekani! Iko wapi?"

"Diski? Iko mahali pake pazuri. Marehemu aliniambia, hii ndiyo roho ya nyumba, itunze." Mama Madoa akatoa ufunguo chini ya bawa, akafungua kabati, kakata! Akaondoa sahani za harusi ambazo hazijawahi kupakuliwa chakula, akaondoa birika la wageni ambao hawajawahi kuja, akafunua kitambaa, na kitambaa kingine. Diski ile pale, inanukia udi.

Jamani! Nyie kwenu hamna kabati la namna hiyo? Wewe unayecheka, mama yako anazo sahani ngapi za kutazama?

"Sasa mama," Sange akasema taratibu, maana hakutaka kumwaibisha, "kompyuta itaweka vipi kitu mahali palipofungwa?"

Mama Madoa akashika mdomo. "Yarabi! Nimeitunza mpaka nimeinyima kazi!"

Diski ikaunganishwa. Ti-ting! Kisanduku kingine. Bawa likaruka, Sange akalidaka. *Nakala haikufanyika. Diski imejaa.*

"Imejaa nini?" Sange akauliza. Haishi kuuliza huyu. Akachungulia ndani. Lo! Picha ya Ngiri amesimama. Picha ya Ngiri ameketi. Ngiri topeni. Ngiri na kiazi. Ngiri na kiazi kilekile, ameshakimaliza. Diski nzima ni Ngiri mpaka ukingoni.

"Siku ya kwanza aliichukua," Mama Madoa akakumbuka, "akasema anakwenda kuipima, kisha akairudisha."

"Ameipima sawasawa," Sange akasema. Akazifuta picha zote, fyu, fyu, fyu.

Ti-ting! Kisanduku cha tatu. Sasa Mama Madoa alikaa juu ya bawa lake mwenyewe, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza: *Nakala itafanyika Ijumaa, jua likizama, ikiwa kompyuta iko macho.*

"Jua likizama huwa mnafanya nini?"

"Swali gani hilo? Sisi kanga! Jua likizama tunapanda mtini, tunalala. Na kompyuta naifunika shuka, nailaza. Ikeshe peke yake kama mchawi?"

Sange akacheka mpaka pua ikapindana. Wakaelewana: Ijumaa kompyuta haitalazwa. Mtaniuliza, mbona wasiiamrishe ifanye kazi papo hapo? Marehemu aliifunga ratiba yake kwa neno la siri, na neno hilo alikwenda nalo kaburini. Haya, mmenikatisha, tuendelee.

Ijumaa ikafika. Jua halijazama bado, vumbi limetimka, vishindo, gu-du, gu-du, gu-du! Ngiri huyo na gunia la kubebea.

"Leteni mashine!" Akaona diski mezani, akachungulia kioo. Uso ukamvimba. "Picha zangu! Nani kafuta picha zangu?"

Vifaranga wakajibanza nyuma ya mama yao. Lakini pua ya Sange ilikuwa inageuka, fnyu, kwa Ngiri. Fnyu, kwa kabati.

"Mimi, Bwana Ngiri," akasema. "Picha za nini, na wewe unaweza kunakiliwa mwenyewe?"

"Mwenyewe vipi?"

"Wewe mzima. Ngiri wawili. Mmoja anakula kwa Mama Madoa, mwingine saa hiyohiyo anakula kwa Nungunungu."

Ngiri akadondosha gunia. "Matumbo mawili?"

"Mawili. Ila lazima uingie mahali pa kutunzia vitu vya thamani."

Ngiri akaliona kabati, limeshaondolewa sahani. Hakusubiri kusukumwa. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akajikunja, mkia ukabaki nje, nao akauvuta.

"Subiri kwanza, Bwana Ngiri, kuna masharti. Sikiliza nikusomee. Wewe unayenakiliwa unakubali kufungiwa..."

"Sawa!"

"...unakubali kwamba kompyuta hii ni ya Mama Madoa na wanawe..."

"Sawa, sawa!"

"...na kwamba hukanyagi tena uwanja huu, wala..."

"Sawa, nimekwambia sawa! Funga mlango, nina njaa za watu wawili!"

Kakata! Mama Madoa akafunga, akaweka ufunguo chini ya bawa. Akamnong'oneza Sange, "Sasa tunamfanyaje?"

"Sijui," Sange akasema. "Nataka sana kujua."

Jua likazama. Mti wa kulalia ukabaki mtupu, kanga wote wamekodoa macho. Kompyuta iko macho. Diski iko mezani. Halafu: krrr. Krrr-krrr. Krrrrrr! Taa ndogo ya diski ikaanza kupepesa. Mama Madoa akashika ukingo wa meza asipumue. Kabatini sauti nzito ikauliza, "Nimeanza kuwa wawili?"

Ti-ting! Kisanduku cha kijani. *Nakala imekamilika.*

Vifaranga wakarukaruka. Sange akainua mguu. "Bado. Nakala usiyoionja si nakala." Akaenda kwenye diski, si kwenye kompyuta, akaitafuta ile sauti. Akalitazama kabati. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Akabonyeza.

"HA HA HAAA!" sauti ya marehemu ikajaa nyumba. "MMEJIFICHA? NIMEKUONA WEWE! TOKA! TOKA KABATINI, NAKUJA!"

Ngiri alikula na kushiba kwenye matanga ya yule mzee. Alihakikisha mwenyewe amezikwa. "Mamaaa! Wamemnakili marehemu!" Puuu! Mlango wa kabati ukang'oka, ukamning'inia shingoni, na Ngiri gu-du-gu-du-gu-du mkia juu kama mlingoti, kapita uwanja, kapita mto, mlango unampiga kisogoni, pa! pa! pa!

Ndiyo maana mpaka leo Ngiri akikimbia mkia uko juu. Na shimoni kwake huingia kinyumenyume, ili aone nani anakuja na ufunguo.

Vifaranga walicheka mpaka wakaanguka. Mama Madoa hakucheka. Alikuwa ameiwekea diski bawa juu yake, machozi yanamtiririka, anasema, "Ipo. Ipo mbili. Sasa ipo mbili."

Kisha wakamkosa Kishungi. Kumbe amekwenda mwenyewe kabatini, kwenye kabati lisilo na mlango, amejibanza kwenye kona, amefumba macho.

"Unafanya nini humo?" Sange akauliza. Maana haishi kuuliza.

"Nimejificha," Kishungi akasema. "Mwambie baba anitafute."

Sange akabonyeza tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Nimekuona wewe! Toka kabatini, nakuja!" Na Kishungi akatoka mbio.

Hadithi yangu nimeitolea nakala: moja imebaki kwangu, moja ondokeni nayo. Na funzo lake, ndugu zangu, ni hili: ukiletewa maandishi marefu, usijichoshe kusoma. Wewe bonyeza Sawa tu upesi. Utapata bure mlango wa kabati.

Tumeelewana?

— Sawa!

Ah! Hata sijawaambia mmeitikia nini.