Sahani ya Mize

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshinda na njaa. Na wewe uliyefukia hindi langu kwenye jivu, nimekuona, ligeuze lisiungue. Haya tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakipeleka habari na punda wakijibu wanapoulizwa, palikuwa na miji miwili. Mmoja uliitwa Tumbini, mwingine Neemani. Kutoka mmoja hadi mwingine ni mwendo wa siku tatu, na katikati kuna mto.

Tumbini aliishi mwanamke msuka mikeka, jina lake Siwatu, na mumewe Machano, mchonga vinu. Gogo lilimwangukia Machano mguuni. Mganga wa mifupa wa Tumbini akasema ataunga mguu kwa mbuzi mmoja, na wao mbuzi hawana. Mguu ukajiunga wenyewe, ukajiunga upande. Tangu hapo Machano akawa mtu wa kutembelea gongo.

Jirani yao alikuwa Mize. Huyu Mize na Siwatu walikuwa wakienda kisimani pamoja asubuhi, wanateta njia nzima, wanarudi na maji nusu ndoo kwa sababu ya kucheka. Na Tumbini kulikuwa na desturi moja. Ukipika kitu, unampelekea jirani kwenye sahani. Jirani akirudisha sahani, hairudishi tupu. Ataweka ndizi, ataweka chumvi, akikosa kabisa ataweka kipande cha ndimu. Sahani tupu ilikuwa aibu ya kumfanya mtu abadili njia.

Lakini maisha ya Tumbini yalikuwa ghali, tusidanganyane. Siku moja Machano akasema, "Mke wangu, unasuka mpaka vidole vinatoka damu na bado tunalala na uji. Nasikia Neemani kuna nafuu."

"Unasikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu hao wamefika?"

Basi wakamwita hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, wakampa mapapai matatu. Wakamwambia, "Nenda Neemani. Tazama wanavyoishi, ulinganishe na huku, utuletee habari ya kweli."

Hondohondo akaenda. Siku ya saba akarudi, akatua juu ya paa, akaimba:

"Tumbini mchele mikeka mitatu, Neemani mkeka mmoja.
Tumbini maji kisimani, Neemani maji mlangoni.
Tumbini mganga mbuzi, Neemani mganga mkeka."

"Umeona kwa macho yako?" akauliza Siwatu.

"Kwa macho yangu yote mawili. Maji yanaletwa na punda mpaka mlangoni. Unga mlangoni. Samaki mlangoni. Mtu hatoki nje akitafuta kitu."

Machano akautazama mguu wake. Siwatu akamwona anavyoutazama, na hapo hapo akaanza kukunja mikeka.

Walifunga mizigo asubuhi, harakaharaka, na Mize akisaidia huku analia. Wakaagana. Wakavuka mto. Siku ya tatu wakafika Neemani, na Siwatu alipofungua mzigo wa vyombo akakuta sahani ya Mize, ile iliyomeguka ukingoni. Siku moja kabla ya kuondoka Mize alikuwa amewaletea viazi vya nazi, na katika haraka ile sahani ikafungwa pamoja na nyingine. Siwatu akaishika kifuani. "Nimeondoka na sahani ya mtu," akasema. "Na sikuweka kitu."

Sasa nisiiseme vibaya Neemani. Hondohondo hakuongopa hata neno moja. Mchele ulikuwa mkeka mmoja. Maji yalikuja mlangoni. Mganga wa mifupa alichukua mkeka mmoja, akauvunja ule mguu akauunga upya, na mwezi wa tatu Machano akaliegemeza gongo ukutani akalisahau. Siwatu alilia kwa furaha siku ile. Kama ni mimi ningelia pia.

Ila milango ya Neemani ilikuwa inafungwa. Si kwa ubaya. Kila kitu kinakuja mlangoni, mtu atoke kutafuta nini? Unafungua, unapokea, unafunga. Siwatu alikaa mwezi wa kwanza bila kujua jirani yake ana sura gani. Mwezi wa pili akapika mihogo, akapakua kwenye sahani yake mwenyewe, akagonga mlango wa pili. Mlango ukafunguka kidogo.

"Sijaagiza," ikasema sauti ya mwanamke.

"Siuzi, dada. Nimepika, nimekuletea. Mimi jirani yako."

Mkono ukatoka, ukapokea. "Ahsante," ikasema sauti, na mlango ukafungwa.

Kesho yake punda wa maji akaileta sahani juu ya mapipa. "Umerudishiwa chombo chako," akasema punda. Siwatu akatazama ndani ya sahani. Akaigeuza, akatazama chini yake. Imeoshwa vizuri, inang'aa, tupu.

Siku ile Siwatu hakusuka. Alikumbuka kisima. Alikumbuka kamba ya kisima inavyochubua viganja, na Mize akimwambia, "Vuta, shoga, unavuta maji au unavuta pumzi?" Alitamani kuchubuka. Mtu anaweza kutamani hata mzigo uliokuwa ukimuumiza, na ukimwambia ni ujinga atakuangalia tu.

Usiku hakulala, mchana hakula, na wiki tatu zikapita hivyo. Machano akamwuliza, "Mke wangu, una nini?"

"Nataka kwetu."

"Kwetu kuna nini, Siwatu? Mchele mikeka mitatu."

"Najua."

"Maji kisimani."

"Najua, Machano. Na mganga mbuzi. Wimbo wenyewe naujua. Nataka kwetu."

Machano alikuwa ameipenda Neemani, naye aliipenda kwa haki, maana ilimpa mguu. Mwishowe akasema, "Masika yamekaribia. Mto ukijaa hakuna kuvuka mpaka kiangazi. Na kule nyumba isiyofuka moshi masika yote, unajua, wanaing'oa nguzo wakagawana. Basi tangulia wewe. Ukikuta kwema, washa moto, nitumie habari. Mguu huu nilioupata huku ndio nitakaokuja nao."

Siwatu akakaanga visheti, maana visheti havichachi njiani, akaijaza ile sahani ya Mize mpaka juu, akaifunga kwa kitambaa. Akatembea siku ya kwanza. Akatembea siku ya pili, akavuka mto, maji yakimfika magotini. Akatembea siku ya tatu, na kila alipochoka alijiambia, "Nikifika tu, nitasema hodi, naye atasema, mwizi wa sahani huyo, karibu."

Akafika Tumbini jua likiwa la utosi.

"Hodi," akasema mlangoni kwa Mize.

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

Akasema hodi ya tatu kwa sauti ndogo, kwa sababu alikwisha kuona majivu ya jikoni yamemea nyasi. Akaenda nyumba ya pili, nyasi. Nyumba ya tatu, nyasi. Akaenda kisimani, kamba imekatika, na buibui ametanda mdomoni mwa kisima.

Juu ya paa la Mize alikuwa amekaa hondohondo, amekonda, mdomo unamzidi mwili.

"Watu wako wapi?" akauliza Siwatu.

"Nipe kwanza nile."

Siwatu akampa kisheti. Akampa cha pili. Njaa ya yule ndege ilikuwa mbaya, akaendelea kumpa mpaka sahani ikabaki na kisheti kimoja tu, akakifunika kwa kiganja. "Hiki hapana. Sema sasa."

Hondohondo akakohoa, akaimba:

"Tumbini mchele mikeka mitatu, Neemani mkeka mmoja.
Tumbini maji kisimani, Neemani maji mlangoni.
Tumbini mganga mbuzi, Neemani mganga mkeka."

"Ulimwimbia nani?"

"Kila mtu. Nyinyi mlipoondoka, wa nyumba ya pili akaniita, mapapai matatu. Wa nyumba ya tatu akaniita, mapapai matatu. Wote wamehamia Neemani. Sasa hakuna wa kunipa hata mbegu."

"Na Mize?"

"Mize hakuniuliza bei ya mchele. Aliniuliza njia tu, nyinyi mmepita wapi. Aliondoka wa kwanza, mwezi mmoja baada yenu."

Siwatu akakaa chini, pale mlangoni, sahani mapajani. Alilia kwa ajili ya Mize, akalia kwa ajili ya kisima. Mji alioutamani miezi yote ile haukuwapo tena wa kurudiwa, na aliyeuharibu ni bei nafuu, ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuifuata. Kisha akasikia ngurumo upande wa mto. Akainuka, hakuwasha moto, akageuza njia.

Alivuka maji yakimfika kifuani, sahani kichwani. Akaingia Neemani asubuhi ya siku ya nne, amelowa mvua, akakutana na punda wa maji.

"Punda, unapeleka maji milango yote?"

"Yote."

"Unamjua mwanamke anaitwa Mize, anacheka kwa sauti?"

"Mize namjua. Kucheka sijamsikia. Yuko mlango wa nne baada ya wako."

"Wa nne! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama. Yeye aliwahi kuuliza wewe uko wapi, siku ile alipofika, lakini aliuliza milangoni, na milangoni hakuna aliyekuwa anamjua jirani yake."

Siwatu hakwenda kwanza kwake kubadili nguo. Akaenda mlango wa nne, akagonga.

"Sijaagiza," ikasema sauti kutoka ndani.

Siwatu akaijua ile sauti. Akagonga tena. Mlango ukafunguka kidogo, na kwenye upenyo ule akapitisha sahani, ile iliyomeguka ukingoni, na juu yake kisheti kimoja kilicholowa mvua.

Mlango haukufungwa. Haukufunguka pia. Sahani ikapokewa, na Siwatu akasimama pale anasikia mtu ndani anapekua, anafungua vyungu, anafunika, maana Mize, kwa kula peke yake, alikuwa ameacha kupika. Kisha mlango ukafunguliwa wote, na Mize akatoka nje hadi barabarani, kitu ambacho watu wa Neemani hawakukizoea, ameshika sahani kwa mikono miwili.

"Mwizi wa sahani," akasema, machozi yanamtiririka. "Nimetafuta ndani sina kitu. Lakini hairudi tupu."

Siwatu akatazama. Kisheti kilikuwa kimekatwa katikati, nusu imeliwa, na nusu nyingine imewekwa juu ya sahani, ya Siwatu.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Mize. Na ile sahani yangu ya maua mekundu, aliyenayo kati yenu anajijua. Kesho naisubiri, nami nitatazama ndani yake.