Kigogota na Nyumba ya Bi Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale katika msitu mmoja palikuwa na fundi, ndege Kigogota. Kazi yake kutoboa nyumba mitini. Ko-ko-ko! Ko-ko-ko! Unga wa mti unaruka, mlango unatokea. Fundi kweli kweli, lakini aibu ilimzidi. Akimaliza kazi, mwenye nyumba akifungua mdomo amshukuru, yeye huyoo, purrr! Kesharuka. Hata asante haikumkuta.

Katika msitu huo huo alikaa Kasuku. Tangu alipotoboa yai lake, Kasuku hakutoboa kitu kingine. Alitafuta mashimo makuukuu, akafagia mlangoni, akapiga kelele: "Fundi mimi! Fundi wa mafundi mimi!" Wanyama hawakusikia jina jingine, wakawa wanamwita yeye.

Kigogota akakosa kazi. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, bado nyumba moja tu, ya Bi Hondohondo. Ukiikosa na hiyo, tunahama."

Moyo ukamuuma Kigogota. Msitu ule ndimo alimozaliwa.

Bi Hondohondo mnamjua? Yule ndege wa mdomo mkubwa. Akitaka kutaga huingia ndani ya shimo la mti, mumewe akaziba mlango kwa udongo, ukabaki upenyo wa kupitishia chakula. Humo ndani manyoya humnyonyoka, kuruka hawezi. Nyumba ikivuja, yumo humo humo na watoto wake. Ndiyo maana alikuwa halali, anauliza kila mtu habari za mafundi.

Kigogota akaenda kwake. "Hodi!"

"Karibu, fundi. Nani wa kukusemea?"

Kigogota mbio kwa Bi Kindi, mbio kwa Mzee Bundi. Wote wawili aliwajengea. Akawaleta.

"Nyumba yangu nzuri!" akasema Bi Kindi.

"Nzuri sana," akasema Mzee Bundi.

Bi Hondohondo akatikisa lile domo lake. "Hata ndizi ni nzuri. Kasuku naye kaniambia nzuri. Mimi nafungiwa humo, jamani! Hiyo 'nzuri' itanikinga na mvua?"

Kigogota akafungua mabawa, tayari kuruka zake. Akamkumbuka mkewe. Akayafunga. Akameza aibu, gudu!

"Bi Kindi," akasema, "kabla sijaja, ulikuwa unaishije?"

"Weee! Usinikumbushe! Kiota cha majani. Mvua ikija na upepo, chwaa! Watoto wanakohoa, kho, kho. Nawafunika na mkia wangu mpaka mkia ukaota ukungu!"

"Na sasa?"

"Masika yote hata tone. Mlango umeuinamisha chini, maji yanapita nje. Mkia wangu si huo, tazameni!" Akaupepea. Kweli, mkia ulikuwa mkavu, umejaa manyoya.

"Nawe Mzee Bundi, sema. Hata lililokuudhi, sema."

Bundi akajikuna. "Kelele! Ko-ko-ko mchana kutwa, na mchana ndio usingizi wangu. Kichwa kiliniuma, nikamtukana fundi huyu. Lakini Nyani alikuja kutuibia mayai. Akaingiza mkono, akapapasa, akapapasa. Fundi alitia kona ndani, mkono haukufika. Nyani akaondoka analia kiwiko."

Bi Hondohondo akacheka mpaka tawi likatikisika. "Kelele si neno, mume wangu hukoroma kuliko hizo." Akamgeukia Kasuku, aliyefika naye kuitaka kazi hiyo. "Nawe Kasuku, nani alikaa kwako masika?"

Kasuku akaruka zake, purrr! Siku hiyo peke yake msitu ulipumzika na kelele zake.

Kigogota akatoboa, ko-ko-ko! Mlango chini, kona ndani. Bi Hondohondo akaingia, mumewe akaziba. Mvua ikashuka, chwaa! Ikapiga, ikapiga, mpaka ikachoka yenyewe.

Siku ya kutoka ikafika, ukuta wa udongo ukabomolewa. Kigogota alikuwa tawini, anangoja. Akatoka Bi Hondohondo, na nyuma yake watoto, chi-chi-chi.

"Bi Hondohondo, nipe neno kabla hujasahau. Uliogopa nini, na umeona nini?"

Machozi yakamtoka mama yule. "Niliogopa hiyo nyumba itakuwa kaburi la wanangu. Nimetoka nao wote, wakavu."

Safari hii Kigogota hakuruka. Alikaa akasikiliza mpaka mwisho. Neno la Bi Hondohondo likazunguka msitu mzima, na kesho yake wenye kutaka nyumba walijaa mlangoni kwa mkewe.

Basi, wakubwa kwa wadogo: ukimaliza kazi usikimbie. Muulize uliyemfanyia, angali anakumbuka, alikuwa na shida gani, na nini kimebadilika. Hata lililomuudhi muulize, maana hilo ndilo huwafanya wengine waamini yaliyobaki.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aniambie kapenda nini. Akisema "nzuri" tu, naianza upya!