Wakili wa Bi Zamoyoni

Bwana Mashimba alikuwa akimuuzia Bi Zamoyoni nyumba, na hakutaka mama huyo aweke wakili wake.

“Wangu anatutosha sote,” alisema. “Ameshahakikisha nyumba haina mdai. Wewe na sheria wapi na wapi?”

“Kweli, bwana. Niruhusu tu nipake rangi ukuta wa mbele kabla sijalipa.”

Mashimba alicheka. “Paka hata paa.”

Kesho yake alikuta barazani mkewe mkubwa, dada zake wawili na afisa wa benki, kila mmoja akidai nyumba ni yake. Ukutani palikuwa na maandishi mekundu: NYUMBA HII INAUZWA.

Bi Zamoyoni alinyanyua kopo la rangi. “Wakili wangu ni huyu,” alisema. “Wako alisomea wapi?”