Neno Alilosubiri Tuone

Mpo? Semeni tupo, na mwenye simu aizime.

Palikuwa na mtu, Mghanga, na mbwa wake, Tuone. Kila jioni Mghanga aliweka ukoko wa ugali kizingitini, na Tuone hakugusa hata chembe mpaka aambiwe, "Haya."

Tuone akafa. Majirani wakaleta ushauri wa bure: "Sori bana, lakini mbwa ni mbwa. Si utafute mwingine?" Watu wa ajabu! Mghanga akaendelea kuweka ukoko, ila lile neno lilimshinda kulisema.

Jioni ya kwanza kitu kikala ukoko, kikabweka kwa sauti ya Tuone. Jioni ya pili kikala, kikakwaruza mlango. Jioni ya tatu kikala, kikasema kwa sauti tamu, kama wale wa intavyuu wanaoahidi kukupigia simu: "Fungua, baba. Nimerudi."

Mkono wa Mghanga ulikuwa tayari kwenye komeo. Alimtaka mbwa wake, jamani!

"Ukoko uko wapi?" akauliza.

"Nimekula."

"Nani alikwambia, 'Haya'? Wewe ni zimwi. Potea!"

Zimwi likaondoka likitukana. Mghanga akakomba sufuria, akaupeleka ukoko kaburini kwa Tuone. 

"Haya, Tuone," akasema. "Haya, mwanangu."

Ukoko ukaisha, chembe kwa chembe. Kisha nyasi zilizolala kando ya kaburi zikainuka, kama zinavyoinuka mbwa akisimama kwenda zake. Ndipo Mghanga akalia.

Mimi nimefika mwisho. Anayetaka kusema mbwa ni mbwa, akasemee kwao.