Bi Nakiete Aliyewatania Walioungua

Paukwa!

Pakawa!

Aka, hiyo pakawa ya watu waliokwisha lala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni. Huyo mdogo apakatwe, tuanze.

Hapo zamani za kale, huko milimani, palikuwa na kijiji. Na katika kijiji hicho alikuwepo bibi mmoja, Bi Nakiete. Mfupi, mnene, mcheshi, kipara kitupu. Nywele zake zilimtoka angali msichana, zikaapa hazirudi. Alifika pale kwa miguu, peke yake, akitoka nchi ya mbali iliyoungua. Akaolewa pale, akazaa pale, akazeeka pale.

Kijiji hicho kilikuwa na watani wao, watu wa ng'ambo ya bonde. Mnaujua utani wa zamani, ninyi? Mtani wako anakutukana sokoni mbele ya wakwe zako. Anabeba kuku wako huku unamtazama. Hukasiriki! Lakini siku ukifa, anayekuja ni yeye. Anachimba kaburi, anakushusha, anakutania mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao usoni. "Amekufa huyu mchoyo! Leo ndipo tutakula kwake!" Mtu asiyetaniwa, walisema wazee, hajazikwa. Amefukiwa tu.

Basi Bi Nakiete, kila mwaka mahindi yakianza kubeba, alitandika mkeka uani, akaweka mtungi wa maji, akawatania watu wa kwao walioungua. Wote. Peke yake.

"Wewe Mbazi, fundi wa ngoma! Ngoma wapiga wewe, kucheza hujui, miguu kama ya mbuni! Haya, kunywa maji." Akamwaga kidogo chini.

"Wewe Nanzia, dada yangu, mpishi wa maharage mabichi! Matumbo yetu uliyatesa wewe. Kunywa maji, mama."

Watu walijaa uani, wanacheka, kwa kuwa alijua kuigiza sauti za wote. Na watoto wakamwuliza, "Bibi, mbona unawapa maji?"

"Ndiyo waliyoyaomba siku ile, wajukuu zangu. Ilikuwa asubuhi. Huyu anafagia, yule anakoka moto. Ilikuwa vita, lakini sisi vita tulivisikia mbali. Kikatupwa kitu kimoja tu kutoka juu. Ng'aa! Jua la pili. Kisha kimya. Kisha vuuuu! Mtu aliyekuwa ameketi juu ya jiwe hakuonekana tena. Kikabaki kivuli chake, kimeganda jiweni. Ikanyesha mvua nyeusi kama masizi. Nami nilikuwa nyuma ya kilima, kisimani. Nikarudi na mtungi wangu, na njia nzima neno moja: maji. Maji. Maji. Hata waliopona bila jeraha, nywele zikawatoka, wakaenda mmoja mmoja. Nanzia naye akaenda."

Mjukuu wangu anayesoma ananiambia moto huo una jina, nyuklia, na kwamba uliwaangukia watu kweli, vitani, katika nchi ya mbali. Mimi kwa bibi yangu nilisikia Jua la Pili. Nami naliita hivyo.

Basi. Ukaja mwaka wa kiangazi. Watu wa ng'ambo wakaziba mfereji, maji yote yakawa yao. Mahindi huku yakakunjamana kama masikio ya mgonjwa. Watu wakapigana mferejini, damu ikatoka. Utani ukasahauliwa.

Ndipo akatokea mgeni, amebeba kibuyu kilichofungwa kwa nta. Akamwambia Jumbe Mruma, mkuu wa kijiji, "Humu mna jua. Lirushe ng'ambo. Vita vitakwisha kabla ugali haujaiva."

Baragumu likalia, puuu, puuu! Watu wakakusanyika. Vijana wakapiga vigelegele hata wao, wanaume wazima!

Bi Nakiete akasimama. "Jumbe, mwanangu, naomba neno."

"Sema, bibi. Lakini usinikataze. Watoto wana njaa."

"Sikukatazi. Nauliza tu. Hao ni watani zetu. Wakifa, nani huwazika?"

"Ni sisi, bibi."

"Na jua hilo halibakizi cha kuzika, mimi nalijua. Basi tuwazike leo, wangali hai. Kila mtu amtanie wake. Tukimaliza, lirushe."

Jumbe akaona si neno kubwa. Akakubali.

Akaanza mhunzi. "Mimi namzika Sempoli, mwizi! Alimbeba jogoo wangu, akamficha kwapani, jogoo akawika mbele yangu!" Kwa, kwa, kwa! Watu wakacheka.

Akafuata mke wa mhunzi. "Mimi namzika Nakadori. Mdomo kama mlango usio na komeo! Akijua yeye, mbuzi nao wamejua! Tena sasa ana mimba, anatembea kama bata..."

"Endelea, mama," akasema Bi Nakiete.

"Huyo wa tumboni, bibi. Nitamtania nini? Hata jina sijalijua."

"Jaribu. Naye ataungua."

Mama yule akaketi chini.

Zamu ikamfikia Jumbe. "Mimi namzika mzee Kisaka wa ng'ambo. Tumbo lake hutangulia, yeye hufuata kesho!" Akacheka peke yake. Kisha sauti ikapungua. "Siku tulipomzika baba, Kisaka alivaa kofia ya baba. Akatembea kama baba, akakohoa kama baba. Mama yangu alikuwa hajala tangu msiba uingie. Akacheka. Akaomba uji."

Jumbe akakisukuma kibuyu kando.

"Bibi, siwezi."

Mgeni akaruka. "Jumbe! Na maji yenu je? Hao ni adui!"

"Chukua kibuyu chako," akasema Jumbe. "Hao watu bado tuna utani nao."

Mgeni akashika njia ya ng'ambo, aende akawauzie wao. Lakini Jumbe Mruma alijua njia ya mkato. Mbio, mbio, mbio! Akafika kwa Kisaka anahema, jasho linamtiririka. Kisaka akamtazama juu mpaka chini.

"Loo! Jumbe wa mahindi makavu! Umekuja kufia huku, utupunguzie safari ya kukuzika?"

"Nizike baadaye, mzee. Kwanza zibua mfereji, mchoyo we!"

Wakatukanana mpaka jua likainama, na katika matusi hayo wakagawana maji: leo ninyi, kesho sisi. Mgeni alipofika aliwakuta wanagombea paja la kuku. Hakupata wa kumsikiliza. Akapita.

Ndiyo maana bibi yangu alituambia: mtu akikuahidi vita vya kwisha upesi, mwulize majina ya watakaokufa. Asipoyajua, usimpe mkono.

Hadithi yangu imekomea hapo. Atakayeipeleka mbele, asiwaache Mbazi na Nanzia njiani.