Kiuno cha Mhezi

"Nguo hukatwa kwa kiuno, haikatwi kwa kilemba." Mmeisikia leo mkutanoni, mmecheka na wenzenu, sasa mnaniuliza nani aliyeisema kwanza. Basi wekeni visu chini, tangawizi haikimbii. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Mhezi, mbele ya cherehani, na bibi yenu alikuwepo.

Wakati ule kitongoji chetu kilikuwa na nyumba ishirini na tano na hakikuwa na bomba hata moja. Maji tuliteka bondeni. Kwenda ni kuteremka, kurudi ni kupanda na ndoo kichwani, na mimi nilikuwa na mimba ya mama yenu, miezi saba. Ikaja habari kwamba serikali italeta bomba bure kwenye vitongoji ambavyo nyumba hazipati zaidi ya laki moja na nusu kwa mwezi. Vilivyozidi hapo vitajichangia. Nilivyofurahi, nilianza kuiaga ile njia ya bondeni.

Akaja karani, Elineema, kijana mpole mwenye kikokotoo. Alizunguka siku tatu nyumba kwa nyumba akijaza fomu: mnauza magunia mangapi ya tangawizi, mna mbuzi, nani anafanya kibarua. Fomu hazikuandikwa majina, unaweka dole gumba tu, kwa hiyo tulimjibu kweli tupu. Siku ya nne akatuita kwenye kibaraza cha Namsifu, fundi wetu wa nguo. Akajumlisha, akagawanya kwa ishirini na tano, akatangaza kwamba nyumba ya Mhezi inapata wastani wa laki tatu kwa mwezi. Bomba la bure likawa limetuponyoka.

Mama Kiangi, mjane wa kule juu, akamuuliza kwa adabu kabisa laki tatu zake zimewekwa wapi, maana yeye hajapelekewa. Watu walicheka. Mimi machozi yalinilenga, kwa kuwa niliiona ile njia ya bondeni, safari hii na mtoto mgongoni.

Kila mtu alijua tatizo liko wapi. Mzee Msofe, mnunuzi wa tangawizi mwenye malori mawili, alikaa mbele na kilemba kikubwa alichorudi nacho kutoka hija. Peke yake alipata kuliko sisi wote tukichanganywa. Lakini nani amwambie, na yeye ndiye anayenunua mazao yetu?

Namsifu akaivuta futi yake shingoni, akamgeukia karani.

"Mwanangu, nikimpima mtu kuanzia juu ya kilemba, kanzu nitakayomkatia itakuwaje?"

"Itaburuta, mama."

"Basi na hesabu yako inaburuta. Nguo hukatwa kwa kiuno, haikatwi kwa kilemba."

Tukamtazama Mzee Msofe kwa pembe ya jicho.

Namsifu hakungoja. Alimwambia karani azipange fomu kuanzia ya kipato kidogo kabisa hadi kikubwa kabisa. Akazibana kwa pini kwenye utepe mrefu, nafasi sawasawa, kisha akaukunja utepe ncha kwa ncha, kama mafundi wanavyotafuta katikati ya kitambaa. Mkunjo ukaangukia fomu ya kumi na tatu. Nyumba kumi na mbili chini yake, kumi na mbili juu yake. Karani akaisoma: elfu sitini.

Elineema akauliza, je, huyu wa mwisho akipata mara mbili? Namsifu akamjibu kwamba kilemba kitarefuka, kiuno kitabaki pale pale. Kijana akacheka mwenyewe, akakiri kwamba chuoni walifundishwa hesabu hiyo ya katikati na hakuielewa mpaka alipoiona kwenye utepe.

Hapo Mzee Msofe akasimama. Akakivua kilemba, akakiweka juu ya cherehani.

"Kumbe kilemba changu ndicho kilichotaka kuwanyima watu maji," akasema. "Andika ya kiuno, kijana. Mabomba yakifika barabarani, lori langu litayapandisha."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika ng'ambo ya bonde. Karani aliandika ya kiuno, wakubwa wake wakaikubali, na mama yenu alipoanza kutambaa, alitambaa kuelekea bombani.

Mnataka kujua fomu ya kumi na tatu ilikuwa ya nani? Haikuwa na jina. Lakini ilikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi kwa utomvu wa ndizi, na siku ile karani alipopita nyumbani kwangu nilikuwa namenya ndizi. Sijawahi kuufurahia umaskini wangu kama siku hiyo. Nguo hukatwa kwa kiuno, wajukuu zangu, haikatwi kwa kilemba. Na kiuno cha Mhezi nzima nilikuwa mimi, mwezi ambao kiuno chenyewe sikuwa nacho.