Matone ya Uji Kilimani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na masufuria yao na majirani wa kuudhi, Mama Nguchiro alikuwa akihamia nyumba mpya juu ya kilima. Alivuta mkokoteni kwa kamba. Ndani mlikuwa na vyombo, kibuyu cha uji, na watoto wake wanne.

"Bwana Kifaru, jirani yangu, nisaidie kidogo!"

"Mimi? Na pembe yote hii nivute masufuria?" Kifaru akajinyoosha kivulini.

Haya. Mama Nguchiro akavuta, akavuta, jasho likamtoka. Mara chopo! Kamba ikamponyoka. Mkokoteni huo, gulugulu, gulugulu, unateremka kuelekea mtoni. Na mtoni yupo nani? Enhe! Mamba, kinywa wazi.

"Mamaaa!" watoto wakalia.

Ambembeleze Kifaru tena? Wapi! Anamjua jirani yake.

"Kifaru! Mkokoteni unasema wewe ni mdebwedo! Eti huwezi hata kushika kamba yake!"

"Nani? Mimi?" Kifaru akakurupuka, akanasa kamba kwa pembe, akakita miguu. Kwaruuu!

Mkokoteni bado unateremka, nao unamburuta.

"Ajabu! Navuta huku, wenyewe unakwenda kule! Umenishinda. Naachia!"

"Usiachie!" Mama Nguchiro akaja mbio. "Tazama uji!"

Kibuyu kilikuwa kikivuja njia nzima.

"Matone ya kule juu yameachana hatua kumi. Haya ya hapa, hatua mbili. Mkokoteni bado unakwenda, lakini unachoka. Vuta, baba, vuta!"

Kifaru akavuta. Matone yakasogeleana, yakagusana. Gurudumu likasimama shubiri moja tu kutoka majini. Mamba akafunga kinywa, kap! Akala upepo.

Mnadhani Mama Nguchiro aliishia hapo? Thubutu!

"Umesimama, sawa. Lakini unasema kurudi juu haurudi ng'o!"

"Haurudi?" Kifaru akavuta vilevile, upande uleule. Mkokoteni ukapanda, kwii, kwii, mpaka mlangoni.

Mama Nguchiro akawahesabu wanawe mara tatu. Wote wanne, wazima! Akawakumbatia, akalia kwa furaha.

"Lakini ngoja," Kifaru akasema huku akihema. "Mkokoteni unasema kwa mdomo gani?"

"Karibu uji, jirani. Umebaki kidogo."

Kifaru akamtazama, akacheka mwenyewe, akaketi.

Hadithi yangu imesimama hapo, ninyi shikeni hili: mvuta nyuma asiachie kwa kuona mzigo bado unakwenda mbele, mwendo huisha kidogo kidogo.